Jembe la Utubora na Jembe la Tumaini

Katika semina zetu kuna mazoea ambayo, kwa maoni yangu, yanatuharibia usomaji. Tukipewa riwaya tunakimbilia kuuliza: je, mhusika mkuu amefanikiwa au ameshindwa? Tukishaandika kwamba "amekua" au "ameanguka", tunapata alama zetu, basi. Ni mara chache tunauliza kama kipimo kilichotumika mwanzoni mwa kitabu ndicho kilichotumika mwishoni, na aliyekishika ni nani.

Nimechagua riwaya mbili ambazo karibu kila mmoja wetu amezisoma, au angalau amenakili notisi za mwenzake: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mtunzi kufariki, na Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1975. Katika kila moja yumo mtu anayebadili fikra zake juu ya maana ya kufanikiwa, na badiliko hilo linampeleka shambani. Mmoja anapata amani na mke. Mwingine anaishia kunyongwa.

Utubora tunamjua. Ametoka vitani, ana kazi nzuri ya ofisini mjini na mwajiri anayemthamini. Hakufukuzwa. Anaaga mwenyewe, anakwenda Busutamu, anashika jembe. Wahakiki wengi wameona hapa falsafa ya Shaaban kuhusu utu na kazi, nami sina ugomvi nao. Ila hebu tumtazame mtunzi mwenyewe. Shaaban aliingia kazi ya ukarani serikalini mwaka 1926, katika forodha, akahama idara hadi idara, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa mshahara wa serikali ya kikoloni. Mtu aliyemtoa Utubora ofisini hakutoka ofisini mapema hivyo. Ndiyo maana nasema riwaya hii ni ndoto ya karani. Sisemi hivyo kwa kebehi. Karani wa zama zile alikuwa mtu wa kuonewa wivu mtaani: suruali, kalamu, mwisho wa mwezi. Jamii ilikuwa imekwisha kumpigia mstari kuwa amefika. Kwa karani kuandika kwamba kufika kule hakutoshi ni jambo zito kuliko tunavyolisoma.

Udhaifu uko kwingine. Utubora akishabadili kipimo chake, hakuna anayekijaribu. Busutamu haimo katika ramani yoyote, na jina lenyewe linakuambia usiitafute. Mkulima anayejua bei za pamba au kahawa zinavyopanda na kushuka bila yeye kuulizwa hataiona dunia yake humo. Badiliko la Utubora ni la moyoni tu, na mazingira yote yanamwitikia "naam". Anayetaka kujua kama tafsiri mpya ya mafanikio ina nguvu lazima aone nini kinatokea pale wengine wanapoikataa.

Hapo ndipo anapoingia Tumaini. Huyu hakuanza na kalamu, alianza na urithi. Kwake kufanikiwa ni kula raha, na fedha ya wazazi inakwenda na starehe na wanawake mpaka inakwisha. Baadaye anazinduka, anafanya kazi kwa bidii na kuwa mkulima mkubwa. Tukiishia hapo tungekuwa na hadithi ya mwana mpotevu, na walimu wetu wa sekondari wangefurahi. Lakini Kezilahabi hamwachii msomaji starehe hiyo. Wakati Tumaini anajifunza kwamba mafanikio ni kazi na mali iliyotokana na jasho, nchi nayo inajifunza jambo jingine. Azimio la Arusha limetangazwa Februari 1967, vijiji vya ujamaa vimefuata, na shamba kubwa la mtu mmoja limeacha kuwa ushahidi wa bidii, limekuwa ushahidi wa unyonyaji. Tumaini anaua kiongozi, naye anahukumiwa kifo. Wengi wamekumbuka hapa tukio la kweli la siku ya Krismasi ya mwaka 1971, pale mkulima Mwamwindi wa Isimani alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Kleruu, naye baadaye akanyongwa.

Kwa hiyo mtu ana saa yake ya kubadilika, na nchi ina saa yake. Shaaban anatuonyesha saa moja tu. Kezilahabi anatuonyesha mbili zisizokwenda pamoja, na mhusika anayesagwa katikati.

Hapa naomba kutofautiana na usomaji wa aina mbili uliozoeleka. Wa kwanza ni ule wa kitabaka: Tumaini ni mkulima tajiri, ni mnyonyaji, historia imempitia, tusilie. Usomaji huu unakosa kejeli kubwa ya kipindi chenyewe. Mwaka mmoja tu baada ya Azimio kutangaza kwamba maendeleo yetu yatatoka vijijini na kwenye kilimo, Utubora naye alifika madukani. Huyu aliyeacha mji na kushika jembe angeweza kubandikwa kwenye bango la chama. Jembe la Utubora lilisifiwa, la Tumaini likalaaniwa. Sikatai kwamba kuna tofauti kati ya bustani na mamia ya ekari za vibarua. Ninachokataa ni kudhani kwamba Tumaini aliarifiwa mapema, wakati bado anafyeka pori, kwamba bidii ina kikomo cha ekari.

Usomaji wa pili ni wa udhanaishi: maisha hayana maana, dunia ni fujo, ndiyo jina la kitabu, yamekwisha. Jamani, tumechoka na hili. Kazimoto wa Kichwamaji anaweza kubeba maelezo hayo, maana yeye anajiua huku kijiji kikimwona msomi aliyefaulu. Tumaini haikosi maana, anayo tele! Amekuwa nayo mara mbili, na ya pili aliitafuta kwa mikono yake. Anachokosa ni nafasi ya kuitafuta kwa mara ya tatu.

Nafasi hiyo ni jambo tunaloliona majumbani. Mzee wangu, mwalimu wa shule ya msingi, anasimulia kwamba alijiona amefika siku aliyoezeka nyumba kwa bati. Baadaye ikawa kutufikisha watoto shule. Sasa amestaafu, anasema mafanikio ni kulala bila kudaiwa. Kila mara alipewa muda wa kuhama kipimo, na hakuna aliyemjia na karatasi kumwambia kile cha jana ni kosa.

Sisi tunaosoma hapa tunaambiwa kila kukicha: ajira hakuna, jiajirini, nendeni mkalime. Msemaji wa jukwaani anampa mhitimu Utubora bila kumtajia Tumaini. Anazungumzia moyo wa kupenda jembe, hasemi ardhi ya nani, mtaji upi, na bei ikiporomoka nani atabaki na gunia. Walimu wetu wangetusaidia sana kama wangezifundisha riwaya hizi mbili wiki moja badala ya kuweka kila moja katika kozi yake, "riwaya ya kimaadili" huku na "riwaya ya kisasa" kule.

Tena saa ya nchi haikusimama mwaka 1975. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyotoka Arusha, na mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, ikiwakaribisha wenye mitaji mashambani. Kwa kipimo hicho Tumaini angeitwa mkulima wa mfano na kupewa mkono na mkuu wa mkoa. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, aliyashuhudia yote hayo. Mwisho wa riwaya yake haukuandikwa upya, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayejibu kwamba Tumaini ameshindwa.