Programu za Chomboni: Kilichofanya Uxn Iwe Ndogo

Pino ni mashua ya tanga aina ya Yamaha 33, yenye urefu wa takriban mita 10. Tangu mwaka 2016 imekuwa nyumba na karakana ya Rekka Bellum na Devine Lu Linvega, wasanii wawili kutoka Kanada wanaofanya kazi kwa jina la Hundred Rabbits. Wamepita Meksiko, Polinesia ya Ufaransa, New Zealand, Fiji, Visiwa vya Marshall na Japani, na mwaka 2020 walitumia siku 51 kuvuka Pasifiki ya Kaskazini kurudi Kanada. Humo chomboni, kwa umeme wa sola, huandika, huchora, hutunga muziki na kutengeneza michezo ya kompyuta. Wanaosikia habari zao kwa mara ya kwanza huziona kama hadithi ya watu waliochoshwa na mji wakakimbilia kwenye maumbile. Mimi naona funzo lao liko kwingine. Bahari haikuwapa msukumo wa kisanii kadiri ilivyowapa kipimo cha kazi, kwani iliwalazimisha kuuliza juu ya kila programu kama mtu mmoja, aliye mbali na mtandao, anaweza kuijenga upya inapokufa. Programu walizounda zilipungua ukubwa kwa sababu ya swali hilo.

Kompyuta ya kawaida ina masharti ambayo mtu wa mjini hayaoni kwa kuwa hutimizwa kabla hajaamka. Programu ya kuchora inayolipiwa kwa mwezi hutaka kuthibitisha leseni yake kupitia intaneti. Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, huleta masasisho ya gigabaiti kadhaa, na asiyesasisha hujikuta nje ya mlango. Kwa aliyetia nanga mbele ya kisiwa chenye mnara mmoja wa simu, sasisho kama hilo humaliza bando kabla ya kazi kuanza. Wawili hawa walianza kujinasua kwa kujitengenezea zana zao wenyewe: Left ya kuandikia, Dotgrid na Ronin za kuchorea, na Orca ya muziki. Zilikuwa zao na hazikudai leseni, ila zilijengwa juu ya Electron, mfumo unaobeba kivinjari kizima ndani ya kila programu. Hata kihariri kidogo cha maandishi kikijengwa hivyo huweza kupita megabaiti 100. Ukitazama msimbo walioandika wenyewe, programu zilikuwa ndogo. Ukitazama zilichosimama juu yake, zilikuwa mlima, na mlima huo hula betri ile ile inayowasha taa na redio ya chombo.

Katika zana hizo, Orca ndiyo iliyoonyesha njia ya kutokea. Ilianza mwaka 2018 kama uwanja wa vijisanduku ambamo kila herufi kati ya herufi 26 za alfabeti ni amri: A hujumlisha, C huhesabu mapigo, D hutoa mpigo kila baada ya muda, R huchagua bila mpangilio. Mtunzi hupanga herufi, nazo hutuma ishara kwa ala au programu nyingine itoe sauti. Toleo la kwanza liliandikwa kwa JavaScript. Baadaye likaandikwa jingine kwa lugha ya C linaloendeshwa kwenye dirisha la maandishi tu, kisha likaja la Uxn. Orca imekuwa na miili mitatu na mtunzi bado anazikuta herufi zile zile. Iliweza kuhama hivyo kwa sababu kanuni zake ni chache kiasi cha kukaa kichwani mwa mtu mmoja, basi kuzijenga upya ni kazi ya kuzifuata, si ya kufukua maelfu ya mistari iliyoandikwa na wengine.

Uxn, iliyoanza mwaka 2021, ni jaribio la kuupa msingi wenyewe sifa hiyo ya Orca. Ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo, iliyoelezwa kwa kanuni, ambayo kompyuta yoyote halisi inaweza kuiiga. Kumbukumbu yake ni baiti 65,536 tu, na programu ya megabaiti 100 ingeijaza zaidi ya mara 1,500. Ina amri za msingi 32. Kila amri ni baiti moja: biti tano huchagua amri, na tatu zilizobaki hubadili namna ya kuitekeleza, ama ishike baiti mbili badala ya moja, ama itumie rundo la pili, ama isiondoe ilichokisoma. Hesabu zote hufanyika juu ya marundo mawili ya baiti 256 kila moja, mfano wa sahani zilizopangwa ambapo unaanza na ya juu. Ukiandika #02 #03 ADD, umeweka mbili, ukaweka tatu juu yake, kisha amri ikaziondoa zote mbili na kuacha tano. Skrini, kibodi, sauti na faili vimeelezwa kando kwa jina la Varvara, na picha hutosheka na rangi nne kwa wakati mmoja. Kiini cha mashine hii kwa lugha ya C huweza kuandikwa kwa mistari ipatayo mia moja. Ndiyo maana watu wameihamishia kwenye mfumo wa zamani wa DOS na kwenye vifaa vya michezo vya mkononi, Game Boy Advance ya mwaka 2001 na Nintendo DS ya mwaka 2004. Mchezo wao wa Oquonie, uliotolewa mwaka 2014 kwa vifaa vya Apple, umeandikwa upya ili uishi juu ya msingi huu.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wa zamani wa fikra hiyo ya kuweza kujijengea upya. Chombo cha tanga kiitwacho mtepe hakikugongomewa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Palipoota mnazi palikuwa na cha kushonea, kwa hiyo ufundi wa kutengeneza ulisafiri pamoja na chombo. Lakini udogo peke yake hautoshi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilitumia menyu ndogo ndani ya laini ya simu, na udogo huo ndio ulioifikisha kwenye simu za bei nafuu kabisa. Hata hivyo mtumiaji hakuwa na namna ya kuifungua wala kuibadili, na bila mitambo ya kampuni upande wa pili isingefanya lolote. Menyu ile ilimfikia kila mtu, ila haikuwa ya yeyote kati yao. Uxn hudai vyote viwili: programu iweze kufika, na mwenye nayo aweze kuishona ikipasuka.

Mhandisi atapinga akisema kwamba mashine pepe hupoteza umeme, maana kila amri yake hugharimu amri kadhaa za kompyuta halisi, na programu iliyoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya chipu ingekwenda kasi zaidi. Amri kwa amri, hilo ni kweli. Lakini kihariri cha maandishi hutumia sehemu kubwa ya muda wake kikingoja kidole cha mwandishi, na kinachomaliza betri ni yale yanayoendelea nyuma wakati huo wa kungoja. Programu isiyo na kivinjari ndani yake ina machache ya kuendesha. Tena, iliyoandikwa kwa chipu moja hufungwa na chipu hiyo; ikikosekana sokoni, kasi yake yote haina wa kuitumia. Uxn hulipa ushuru wa kasi ili inunue uwezo wa kuhama, na kwa kazi za maandishi, michoro na muziki wa ishara ushuru huo ni mwepesi. Kwa kuhariri filamu au kusimamia hifadhidata ya hospitali usingekuwa mwepesi, na anayeisifu Uxn kama dawa ya kila kitu anaiharibia sifa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba huu ni uhaba wa hiari, wa watu wanaoweza kurudi bandarini Kanada wakichoka, na kwamba hata hivyo chipu zao hutoka viwandani kama za wengine. Yote mawili nayakubali. Kuishi kwenye mashua hakumwondoi mtu katika uchumi wa dunia. Ila nani alichagua uhaba ni swali moja, na kama suluhisho linafanya kazi ni jingine. Umeme wa kukatika, bando la kuhesabu na kompyuta ya mtumba si mchezo wa wasanii; ni hali ya kila siku ya shule na ofisi nyingi ambazo hazijawahi kuona mashua ya anasa. Na kuhusu viwanda, njia ya uhakika ya kupunguza utegemezi ni kutumia kwa muda mrefu chipu ambayo tayari imeshatengenezwa, jambo lisilowezekana programu zikizidi kunenepa kila mwaka.

Kwa hiyo hukumu yangu haihusu bahari wala paneli za sola. Mwandishi wa programu aliye Nairobi au Mwanza hahitaji kujifunza amri 32 za Uxn ili anufaike na kazi hii. Na aorodheshe kila kitu ambacho programu yake hutegemea, kisha aweke alama mbele ya vile ambavyo yeye au mwanafunzi wake angeweza kuvijenga upya bila intaneti. Ambavyo havina alama ni deni, na mtumiaji ndiye atakayelilipa siku mtandao utakapokatika.