Mkondo Unarudi kwa Njia Ipi?

Mwaka 2005, Chinh Doan, Sohrab Emami, Ali Niknejad na Robert Brodersen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kazi kuhusu amplifaya mbili, ya gigahezi 40 na ya gigahezi 60, zilizotengenezwa kwa CMOS ya kawaida ya nanomita 130. Sifa nyingi zilikwenda kwa transista. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kwenye ethi.

Katika mchoro wa saketi ethi ni alama tu. Ndani ya chipu ni metali yenye urefu, na penye urefu pana indaktansi. Uzi wa metali unaounganisha chipu na kasha lake huwa na takribani nanohenri 1 kwa kila milimita. Kwenye gigahezi 2.4 hiyo ni omu 15. Kwenye gigahezi 60 inafika omu 377. Hapo ethi haiko tena kwenye volti sifuri.

Watafiti wa Berkeley wangeweza kulaza ethi katika tabaka la chini la metali, chini ya laini inayobeba mawimbi. Ingekinga silikoni isimeze nishati, lakini ingekuwa maikromita chache tu kutoka kwenye laini, na indaktansi ingekuwa ndogo. Nayo indaktansi ndiyo waliyoihitaji, kwa sababu vipande vifupi vya laini vilifanya kazi ya koili, kufuta kapasitansi ya transista. Wakaweka ethi pande zote mbili za laini, katika tabaka lilelile. Ukipanua mwanya kati ya ethi na laini, indaktansi inaongezeka.

Mpangilio huo ulirahisisha modeli pia. Njia ya kurudi ikiwa imechorwa, uga wa sumaku haupotei mbali, na modeli iliyotokana na vipimo vya laini za majaribio inafaa kwa urefu wowote. Koili ya kawaida ni ngumu zaidi: indaktansi yake ni ya kitanzi kizima, pamoja na njia ya kurudi ambayo mara nyingi hakuna aliyeichora.

Ila ethi mbili zikitofautiana volti, hasa kwenye kona na maungio, huzuka wimbi lisilotakiwa. Ndiyo maana hufungwa pamoja kwa vipande vya metali vinavyopita chini ya laini.

Amplifaya ya gigahezi 40 ilikuza kwa desibeli 19, ya 60 kwa desibeli 12. Wewe unayejifunza kusanifu chipu, chora kitanzi kizima cha mkondo kabla hujaweka alama ya ethi.