Gesi Haiishi, Huvuja: Namna ya Kumpima Fundi Friji Kariakoo

Kati ya Msimbazi na Gerezani mafundi friji hawakosekani. Wa kumwachia kazi utamjua kwa kauli yake ya kwanza. Akishika kompresa na kusema "gesi imeisha, tujaze", muage. Friji ni mfumo uliofungwa, gesi huzunguka humo miaka nenda rudi bila kupungua. Ikipungua, pamevuja. Fundi hasa hupaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo mpaka apaone.

Shaba. Omba kipande cha bomba alilochomelea, ulichungulie ndani. Ukiona magamba meusi yanayobanduka, alichoma bila kupitisha nitrojeni, na magamba hayo ndiyo yatakayoziba kapilari, kile kibomba chembamba. Shaba iliyobaki na rangi yake imechomwa na anayejua.

Pampu ya kunyonya hewa. Hewa ya Dar ina unyevu, nao huingia mara tu bomba likikatwa. Kwenye joto la nyuzi 30, shinikizo likishuka chini ya milibari 42 maji huchemka na kuvutwa nje yakiwa mvuke. Kazi hiyo haitaki haraka. Pampu ikizimwa, tazama mshale wa geji: ukipanda kisha ukatulia, unyevu bado umo, ukipanda bila kukoma, kuna tundu.

Sheria ya kusafisha chombo kabla ya kutia gesi haiko Kariakoo tu. Katika mgodi wa Boulby, Uingereza, mita 1,100 chini ya ardhi, wanasayansi wa mradi wa DRIFT waliweka chemba ya gesi yenye shinikizo lisilofika moja ya kumi ya hewa ya kawaida, wakitafuta maada ya giza inatokea upande gani. Kilichowasumbua kilikuwa radoni iliyotoka kwenye vifaa vya chemba yenyewe, ikabidi wavichague upya. Gesi safi haifai kitu ndani ya chombo kichafu.

Filta na mzani. Mfumo ukifunguliwa, filta ibadilishwe. Gesi ipimwe kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji, si kwa kukisia. Friji ya R600a hutumia gesi kidogo, tena inawaka. Anayewasha moto kabla ya kuitoa yote asiguse friji yako.

Bei ya gesi utailinganisha duka kwa duka. Ya kubishania ni muda wa pampu: fundi anayekuahidi friji ndani ya robo saa ameshakuambia ataruka hatua gani.