Pigo Linalofika Mwisho: Uhakiki wa Istilahi "Kinyume" katika Upigaji wa Piano kwa Sampla Jukwaani

Utangulizi

Muziki wa kielektroniki umeingia katika makanisa, kumbi za harusi na studio za miji yetu kabla ya wasemaji wa Kiswahili kukubaliana namna ya kuuzungumzia. Makala haya yanachunguza neno moja tu, kinyume, kama linavyotumiwa kueleza mlio wa piano unaosikika kana kwamba unatoka mwisho kwenda mwanzo, hasa pale mpiga kinanda anapotaka kuutoa mlio huo mwenyewe jukwaani kwa kutumia sampla. Sampla ni chombo, au programu ya kompyuta, kinachohifadhi vipande vya sauti iliyorekodiwa, yaani sampuli, na kuvitoa kila kitufe cha kinanda kinapobonyezwa.

Hoja ninayoitetea ni kwamba neno kinyume limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana, na kwamba mkanganyiko huo hauishii kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeambiwa aandae "piano ya kinyume" bila kuelezwa ni kinyume kipi ataandaa sampuli isiyotumika jukwaani, na mhakiki atakayeandika juu yake hatakuwa na maneno ya kuonyesha ilipoharibikia. Wanaoandaa kamusi za istilahi na wanaoshauri wizara kuhusu mitaala ya sanaa wana sababu ya kulitazama jambo hili mapema, kwa kuwa istilahi ikishachapishwa katika kitabu cha shule ni vigumu sana kuiondoa.

Mlio wa piano unavyozaliwa na kufa

Katika piano, nyundo iliyofunikwa kwa kitambaa kizito cha sufi hugonga nyuzi na kuziacha. Sauti huwa kubwa kabisa mara tu baada ya kugongwa, kisha hushuka: kwanza kwa kasi, baadaye polepole. Hata kushuka huko hakulingani katika sehemu zote za mlio. Sauti za juu zilizomo ndani ya nota moja, zile zinazoipa ukali na mng'ao, hufa kwanza, na zile za chini hubaki. Nota za upande wa kushoto wa kinanda huweza kudumu kwa sekunde nyingi, ilhali zile za mwisho upande wa kulia hutoweka karibu mara moja. Katika makala haya nitaita mwanzo huo pigo, na kushuka huko mfifio.

Mlio huo ukigeuzwa, msikilizaji huanza na karibu ukimya. Sauti huja ikiwa nzito na butu, ikaongezeka taratibu, ikapata mng'ao, kisha ikakimbia ghafla kuelekea kwenye pigo na kukatika papo hapo. Wengi wakiusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni harmoniamu au akodioni, kwa sababu sikio hutambua piano kwa pigo lake zaidi kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana njia ya mkato inayopendwa na wapigaji wengi, ya kuchukua mlio wa kawaida wa piano na kuuwekea mwanzo wa polepole, haileti matokeo hayo. Njia hiyo huongeza ukubwa wa sauti tu. Mng'ao unakuwa umekwisha kupotea wakati sauti inapofika juu, na nyundo haifiki kamwe. Anayeuita mlio huo wa kugeuzwa amesikiliza mita ya sauti, hakusikiliza piano.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuwekea swali. Tunasema kupiga piano, kupiga kinanda, na ingeonekana kwamba kitenzi hicho kinaweka pigo mbele ya kila kitu. Je, mtu anaweza kusemwa anapiga mlio ambao pigo lake linakuja mwisho? Baadhi ya wenzetu wangependa kitenzi kipya. Mimi sioni haja. Tunapiga filimbi ilhali tunaipuliza, na tunapiga simu na picha bila kugonga chochote. Kupiga kumekwisha kuwa tendo la mtu anayekusudia kutoa sauti au athari, si maelezo ya umbo la sauti yenyewe. Neno kinanda nalo limeonyesha ukarimu kama huo: limewahi kutaja ala ya nyuzi, ogani, piano, hata santuri. Lugha iliyoweza kukiita chombo cha kuchezesha rekodi kwa jina la ala haitashindwa na sampla. Tatizo haliko kwenye kitenzi. Liko kwenye kinyume.

Vinyume vitatu

Pwani, na hasa Unguja, vijana wamekuwa na mchezo wa maneno uitwao kinyume. Silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo: nyumba huwa mbanyu, mbuzi huwa zimbu, kitabu huwa bukita. Mtu anayecheza mchezo huu hageuzi sauti ndani ya silabi. Silabi mbu inabaki mbu, ikisikika vizuri kwa mwanzo na mwisho wake. Kilichobadilika ni nafasi yake. Kwa lugha ya muziki, mpangilio wa nota umeguswa lakini kila nota imebaki na pigo lake mbele. Watunzi wa Ulaya walilifanya jambo la aina hii kwa kalamu tu, muda mrefu kabla ya kurekodi sauti kuwezekana. Katika Musikalisches Opfer ya mwaka 1747, Johann Sebastian Bach aliweka kanoni ambamo sauti moja inakwenda mbele na nyingine inausoma wimbo uleule kutoka nota ya mwisho. Mpiga kinanda huipiga bila chombo chochote cha ziada.

Kinyume cha pili ni cha rekodi. Kanda au faili ya sauti ikipigwa kutoka mwisho, hugeuka vyote viwili: mpangilio wa nota na umbo la kila nota. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, akifanya kazi katika redio ya Ufaransa, alitunga mfululizo wa Études de bruits kwa kutumia santuri. Katika tungo mbili kati ya hizo, violette na noire, alifanyia kazi milio ya piano iliyopigwa na Pierre Boulez. Tangu hapo piano ikawa pia malighafi ya kukatwa, kubadilishwa kasi na kugeuzwa. Kinyume hiki hakiwezi kufanywa papo kwa papo. Hakuna awezaye kusikizisha mwisho wa kishazi ambacho bado hakijapigwa. Vifaa vinavyodai kugeuza sauti palepale huhifadhi kipande kifupi kwanza, kisha hukitoa kutoka mwisho, kwa hiyo kila anachosikia msikilizaji kimechelewa kwa urefu wa kipande hicho.

Kinyume cha tatu ndicho cha sampla jukwaani. Kila nota imerekodiwa peke yake na kugeuzwa peke yake, kisha ikawekwa chini ya kitufe chake. Mpigaji anafuata wimbo kwa mpangilio wake wa kawaida, nota ya kwanza ikitangulia na ya pili ikifuata, lakini kila moja inasikika kuanzia mfifio hadi pigo. Ni kinyume halisi cha mchezo wa Unguja: pale silabi zilihama na sauti za ndani zikabaki, hapa nota zimebaki mahali pake na sauti za ndani zimegeuka.

Kiswahili kina neno la hali hii, na nashangaa halijatumiwa. Mtu aendaye kinyumenyume hufika anakokwenda. Uso wake tu ndio unaoelekea alikotoka. Napendekeza mlio wa kinyumenyume kwa nota iliyogeuzwa peke yake, rekodi iliyopigwa kutoka mwisho kwa kanda au faili nzima, na kinyume kibaki na mpangilio, kama wacheza mchezo walivyokwisha kuamua kabla ya kamati yoyote kukutana.

Jukwaani

Tofauti hizi zingekuwa za kifilolojia tu kama zisingeonekana katika vidole. Chukua sampuli moja ya piano iliyogeuzwa yenye urefu wa sekunde 4, iliyorekodiwa kwenye do ya kati. Sampla ya namna rahisi hupandisha nota kwa kuharakisha sampuli. Oktavu moja juu, sampuli ileile hudumu sekunde 2; oktavu moja chini, sekunde 8; kwenye sol iliyo juu ya do hiyo, takriban sekunde 2.7. Katika piano ya kawaida jambo hili halisumbui, kwa kuwa mapigo yote huja mwanzoni na kinachotofautiana ni mikia. Mlio wa kinyumenyume hugeuza mambo. Mpigaji akibonyeza do, sol na do ya juu kwa pamoja, pigo la kwanza litafika baada ya sekunde 2, la pili baada ya 2.7 na la tatu baada ya 4. Nota zilizokusudiwa kusikika pamoja zinabomoka kama ngazi. (Wanamuziki wengi huita nota hizo za pamoja kodi, neno ambalo mshauri wa sera atalisoma kuwa ni la mamlaka ya mapato, hilo nalo lingehitaji makala yake.)

Dawa yake ni kurekodi nota nyingi, ikibidi zote 88, na kuzipunguza upande wa mwanzo baada ya kuzigeuza, mpaka zote ziwe na urefu mmoja. Urefu huo lazima uutii mwendo wa wimbo. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, fungu la mapigo manne huchukua sekunde 2 kamili. Mpigaji hubonyeza fungu moja kabla na nota humalizikia pale wimbo unapoanza fungu jipya. Mpiga ngoma akichangamka na kufikia 132, fungu hushuka hadi takriban sekunde 1.82 na pigo linachelewa kwa karibu sekunde 0.18, kosa ambalo hata mtoto atalisikia. Zipo programu zinazonyoosha na kufupisha sampuli ili ifuate mwendo, lakini zikivutwa mno huuharibu mng'ao ule wa mwisho ambao ndio roho ya mlio wenyewe.

Nguvu ya kidole nayo hubadilika maana. Anayebonyeza kwa nguvu anaamua ukubwa wa pigo litakalosikika baadaye, wakati mkono umekwisha kuhamia kwingine. Akiinua kidole mapema, sauti hukatika kabla ya kufika: uvimbe bila pigo. Hilo la mwisho laweza kuwa zuri likifanywa kwa makusudi. Ni jambo pekee katika upigaji huu ambalo rekodi iliyopigwa kutoka mwisho haiwezi kulifanya, na ndipo ninapoona mpigaji akiwa mwanamuziki kweli, si mtu wa kuwasha na kuzima.

Kipimo kizuri cha matumizi ya mlio huu kingali mwanzo wa "Roundabout" wa bendi ya Uingereza Yes, katika albamu Fragile ya mwaka 1971. Piano iliyogeuzwa inaumuka kutoka ukimyani na kukatikia kwenye gitaa lisilo na umeme la Steve Howe. Pigo la piano linamezwa na nota ya gitaa, na sikio haliulizi lilikokwenda. Piano imetumika kama pumzi ya kabla ya neno. Maonyesho mengi ya siku hizi ya wapiga vinanda hayafanyi hivyo. Mlio wa kinyumenyume hupachikwa kabla ya kila kiitikio, na baada ya mara ya tatu msikilizaji anajua kitakachofuata kuliko mpigaji mwenyewe. Udhaifu huo ni wa utunzi, na mhakiki asiye na istilahi atausingizia mtambo.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA na vyombo vya nchi jirani vinavyoandaa istilahi, ombi langu ni dogo. Orodha za maneno ya teknolojia ya sauti zisipitishwe kwa kuangalia kisawe cha neno la kigeni peke yake. Kabla ya kuamua, kila neno lisomwe mbele ya mpiga kinanda aliye na chombo mkononi, aambiwe kwa Kiswahili afanye nini, kisha kamati isikilize kama alichokitoa ndicho kilichokusudiwa. Maneno matatu niliyoyapendekeza hapa yapitie jaribio hilohilo, na yakishindwa yatupwe.