Wapanga Herufi wa Denver

Tarehe 23 Aprili 1859, theluji ikianguka na paa likivuja, mafundi chapa walitoa toleo la kwanza la gazeti la Rocky Mountain News katika chumba cha darini, juu ya kilabu cha pombe. Denver ilikuwa bado kambi ya wasaka dhahabu. Mashine yao ilikuwa imevuka nyika kwa mikokoteni kutoka Nebraska.

Kazi ile ilitaka miguu imara na macho makali. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba, akiokota herufi za risasi moja moja, kila moja imegeuka kama sura kwenye kioo, mpaka mstari ujae. Karatasi ililoweshwa kidogo ili ipokee wino vizuri. Mmoja alipaka wino, mwenzake akavuta mkono wa mashine. Upande mmoja, kisha wa pili. Gazeti likishatoka, herufi zote zilisafishwa na kurudishwa vijumbani mwake, maana ndizo hizo hizo za toleo lijalo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: kuvunja kwa mikono yako ulichokijenga usiku kucha, kila wiki.

Karatasi ilipoadimika, walichapa kwenye ile ya kufungia bidhaa. Mei 1864 mafuriko ya kijito cha Cherry Creek yalizoa ofisi na mashine. Baada ya wiki chache gazeti likarudi mitaani. Lilidumu hadi Februari 2009, na mtafiti anayeisaka Denver ya kambi na mahema bado anazifungua kurasa zao.