Ufundi wa Kuchagua Saa

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, jijini Doha, wanawake 68 walisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya ubingwa wa dunia. Ilibaki dakika moja itimie saa sita ya usiku. Waandaaji walikuwa wamelikwepa jua la Qatar kwa kuzipeleka mbio usiku wa manane, lakini hewa ya Ghuba haikukwepeka: joto lilikuwa nyuzi 32 hivi, na unyevunyevu ulizidi asilimia 70. Waliofika mwisho ni 40. Wengine 28 waliishia njiani. Mshindi, Mkenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43; Januari ya mwaka huohuo, kule Dubai, mwanamke huyohuyo alikuwa ameumaliza umbali huo kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8.

Robo saa ile haikupotelea miguuni, ilipotelea hewani. Na hao walikuwa mabingwa, wenye makocha, madaktari na maji ya kujipoza njiani. Sasa mfikirie karani wa Temeke anayefunga kamba za raba saa kumi na moja alfajiri, peke yake, kabla ya kuwahi daladala. Hana wa kumpimia unyevunyevu. Ana ngozi, macho, masikio na kumbukumbu ya jana. Ndiye ninayetaka kumsifu, kwa sababu anachokifanya dakika mbili za mlangoni, kabla hajapiga hatua ya kwanza, ni ufundi kamili ambao hakuna anayemvisha medali kwa ajili yake. Nahodha wa jahazi hasifiwi kwa ukubwa wa tanga. Husifiwa kwa kujua lini atweke na lini asubiri bandarini. Mkimbiaji wa nje naye apimwe hivyo.

Ufundi huu huanzia kwenye jasho. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika haigeuki mwendo bali hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke. Njia kuu ya kulitoa ni jasho, lakini si kila jasho lina faida. Linalopoza ni lile linalokaukia mwilini. Linalodondoka chini limepotea bure. Ndiyo maana nyuzi 30 za Dodoma kavu na nyuzi 30 za Tanga si kitu kimoja. Watu wa pwani hawakuhitaji mashine kulijua hilo. Wanajua kwamba wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hewa hulowana na shati hugandamana na mgongo hata kwa mtu aliyekaa barazani. Wanajua pia kwamba kusi likishavuma vizuri, mwezi wa sita na wa saba, mwili hufunguka. Mkimbiaji fundi wa Dar es Salaam huwa na kasi mbili: kasi ya kaskazi na kasi ya kusi. Hajilaumu Februari kwa kushindwa kukimbia kama Julai. Hufuata pumzi: akiweza kuzungumza sentensi nzima, mwendo unamtosha, akianza kuikata vipande, amezidisha.

Hata upepo wenyewe una namna ya kutumiwa. Ukikimbia nao mgongoni, hewa karibu husimama juu ya ngozi yako, na joto hukuzidi. Kwa hiyo pwani, siku ya joto, fundi huondoka na upepo mgongoni angali mpya, ili arudi umpige usoni wakati amechoka na anahitaji kupozwa. Mpeleke mtu huyohuyo Njombe au Makete mwezi wa saba, kwenye baridi ya kukausha midomo, naye atageuza: huondoka akiukabili upepo, arudi nao mgongoni, ili shati lililolowa jasho lisimgandishe njiani. Kanuni ni moja, nayo ni kujiuliza mapema utakuwa katika hali gani wakati wa kurudi. Anayejiuliza tu anavyojisikia mlangoni bado ni mwanafunzi.

Mwili nao hujifunza, ila kwa taratibu zake. Mtu aliyezoea ubaridi wa Mbulu akishushwa Tanga huhitaji wiki mbili hivi za mazoezi mepesi kabla jasho lake halijaanza kutoka mapema na kwa wingi unaofaa. Maji ni lazima, lakini nayo yana kipimo. Anayejijaza lita kwa lita kwa hofu huweza kuipunguza chumvi ya damu yake hadi akaugua vibaya, kwa hiyo anywe kwa kiu. Na mwenzako akianza kuyumba, au akijibu maswali ovyo, mazoezi yameisha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu kama ipo, huku msaada ukiitwa. Kumpoza hakusubiri gari.

Mwezi wa Ramadhani huleta hesabu yake. Wapo wanaokimbia taratibu nusu saa kabla ya magharibi, ili kiu ikutane na futari bila kungoja sana, na wapo wanaosubiri mpaka baada ya tarawehe. Sijawahi kumwona mzoefu akikimbia mchana wa swaumu. Kujua saa ni jambo ambalo jamii zetu zimelifanya kwa karne nyingi. Mkimbiaji amelirithi tu.

Ulimwengu wa mashindano umelazimika kujifunza somo hilohilo. Haukupita mwezi baada ya Doha, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikatangaza mpango wa kuiondoa marathoni ya Michezo ya Tokyo jijini humo na kuipeleka Sapporo, kilomita zipatazo 800 kaskazini. Joto likawafuata hukohuko: Agosti 2021, jioni ya kuamkia mbio za wanawake, muda wa kuanza ulirudishwa nyuma kwa saa nzima, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ubingwa wa dunia uliporudi Tokyo mwaka 2025, marathoni ilisogezwa tena ianze mapema. Humo, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya ubingwa wa dunia wa riadha, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Miezi mitano nyuma, Boston, Simbu alikuwa amekimbia saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Wengi tuliiona ile hatua ya mwisho. Mimi nazistaajabia zile saa mbili za mwanzo, alipokubali mwendo ambao hewa ya siku ile iliuruhusu, akabaki na kitu cha kutoa uwanjani.

Alfajiri hupunguza joto, lakini hukukabidhi giza. Huku kwetu karibu na Ikweta mapambazuko hayachukui muda, na machweo ni hivyohivyo: ukichelewa kidogo kugeuka, giza limekukuta njiani. Gari la kilomita 60 kwa saa hula mita kama 17 kila sekunde, na dereva mwenye usingizi hana sekunde nyingi za kukupa. Kwa hiyo mkimbiaji huyatazama magari, hayapi mgongo. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hushika kushoto, yeye hukimbia kulia. Akivuka Daraja la Rusumo kuingia Rwanda, magari yanahamia kulia, naye anahamia kushoto. Kwenye kona kali isiyoonyesha mbele, huacha kanuni akaenda upande anaoonekana. Kitambaa cha kuakisi mwanga huvaliwa kifuani, lakini hufanya kazi zaidi kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu jicho la dereva hutambua haraka mwendo wa binadamu kuliko doa linaloning'inia gizani. Eafoni, kama ni lazima, sikio moja libaki wazi. Maana kanuni zote hizo zimeandikwa kwa ajili ya magari, na bodaboda hana upande. Anaweza kukujia kutoka popote, taa imezimwa, akiwahi abiria.

Mvua watu huiogopa kuliko inavyostahili. Mvua ya kawaida ya vuli ni rafiki wa mkimbiaji: hupoza mwili, hutuliza vumbi, huondoa watu barabarani. Hatari yake iko kwenye vinavyofichwa na maji. Dimbwi linaloonekana la kukanyaga linaweza kuwa chemba iliyoibwa mfuniko. Korongo lililovukwa kwa hatua tatu jana, leo linashuka na magogo. Wakazi wa Bonde la Msimbazi hawahitaji kufundishwa masika yanavyogeuza njia kuwa mto, na mkimbiaji mwenye busara huwaamini wenyeji kuliko ramani ya simu.

Radi ni habari nyingine kabisa, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, katika mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Watu wa Bukoba, Mwanza na Kisii wanazika watu wao kwa sababu hiyo. Ukiona mmweko, hesabu hadi ngurumo; kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikifika kabla ya sekunde 30, uko ndani ya kilomita kumi, na mahali pako ni ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe si mahali pa kujikinga, hata uwe na kivuli kizuri namna gani. Na anayekimbia ufukweni mwa ziwa gizani akumbuke kwamba kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, na hapendi kukatwa njia ya kurudi majini.

Baridi nayo ina wajuzi wake. Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, utawaona wakimbiaji wa alfajiri wamevaa koti na kofia, wakianza kwa mwendo ambao mgeni anaweza kuwapita. Wanaowapita ni wageni kweli. Wenyeji huuacha mwili upate moto kilomita za mwanzo ndipo waongeze, na mvua ikishaugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, huhamia lami bila kulalamika. Aprili 2018 mvua ya baridi na upepo vilipowavunja vigogo wengi wa Boston, mshindi alikuwa Yuki Kawauchi, Mjapani aliyekuwa bado mtumishi wa serikali akifanya kazi shuleni, na ambaye alikuwa ameyazoea mashindano ya kila hali ya hewa. Muda wake, saa 2, dakika 15 na sekunde 58, haukuwa wa kutisha. Ulitosha kwa siku ile.

Lakini kipo kipimo ambacho hakiko angani. Mwanamke anayetoka alfajiri hupima watu kwanza, mawingu baadaye: njia ipi ina duka lililofunguliwa, mlinzi yupi yuko macho, uchochoro upi uepukwe. Kazi hiyo amebebeshwa, hakuichagua, na taa za barabarani zinazowaka zingemsaidia kuliko nasaha zetu. Jibu bora zaidi ambalo mitaa yetu imelipata ni wingi. Mchakamchaka wa shule na wa JKT ulitufundisha kukimbia kwa kuitikiana, na klabu za jogging za Dar es Salaam na Zanzibar zimeuendeleza: asubuhi ya mwisho wa wiki, fulana za rangi moja, wimbo, mwenye filimbi mbele na wa kuwasubiri waliochoka nyuma. Dereva anaona kundi. Mbaya anaona mashahidi. Na anayezidiwa na joto ana wa kumwona akiyumba.

Tunapenda kumtaja John Stephen Akhwari, na tunayo haki. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. 18 walikuwa wameacha. Heshima yake haipungui. Lakini nimesikia jina lake likitumiwa kumshinikiza mtu mwenye kifua kinachobana aongeze kilomita mbili katika mazoezi ya Jumanne, na hapo tunamdhulumu Akhwari na huyo mtu pia. Yeye alikuwa na siku moja na nchi nzima mgongoni. Sisi tuna kesho, na keshokutwa, na ufundi wetu ni kuzifikia.

Kwa sababu hiyo naliweka juu ya yote tendo lisiloonekana kabisa: kughairi. Kutoka nje, kuitazama mbingu ya Ukerewe ikimweka, na kurudi ndani. Kufika nusu ya njia, kuhisi ngozi inasisimka kwa baridi katikati ya joto, na kutembea mpaka nyumbani. Hakuna anayepiga makofi. Lakini mtafute mzee wa miaka 65 ambaye bado anakimbia, na kila mtaa unaye mmoja, umuulize siri yake. Atakusimulia siku ambazo hakwenda, na sababu ya kila moja, na utakuta amezikumbuka vizuri kuliko mbio alizoshinda.