Mizani ya Mpenzi wa Picha: Aina za Sinema na Muziki wa Roki Nachingwea na Ruangwa

Miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi wa Kiswahili hawajayatilia maanani ya kutosha ni uhakiki unaofanywa na watu wasiojiita wahakiki. Ushairi una mabingwa wake, na riwaya ina wasomi wake; lakini sinema, ijapokuwa imetazamwa na kusimuliwa katika Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka sabini, aghalabu huachwa kwa watazamaji wake waijadili barazani. Huko barazani ndiko uhakiki wake uliko. Katika miji midogo kama Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mtu aliyezipenda picha tangu ujana wake ana maneno ya kuzipanga, sheria za kuzihukumu, na maoni makali juu ya muziki unaozifuata. Yapasa kuuliza kama maneno hayo ni porojo tu, au ni mizani ya kweli. Na ikiwa ni mizani, yapima nini, na kipi kinaishinda.

Mpenzi wa picha anayetajwa hapa si mtu mmoja mwenye jina, bali ni mfano wa rika lililokua kati ya miaka ya 1960 na ya 1980. Mazingira ya rika hilo yafaa kukumbukwa. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulivunjika mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya yenyewe, ilibaki katika upweke uo huo. Katika nchi ya namna hiyo picha haikuwa jambo la kila jioni. Vijijini ilikuja kwa gari la sinema, kitambaa cheupe kikatundikwa uwanjani. Baadaye ikaja kwa kanda za video katika vibanda vya kulipia. Kitu kinachopatikana kwa nadra hukumbukwa kwa undani, na kinachokumbukwa kwa undani hutafutiwa maneno ya kukipanga.

Maneno yenyewe ni mepesi. Kuna picha ya kauboi, picha ya Kihindi, picha ya ngumi, picha ya kareti, picha ya vita, picha ya kutisha, picha ya kuchekesha. Msomi aliyezoea kugawa fasihi katika tanzu huweza kusema kwamba mgawanyo huu hauna kanuni, kwa sababu jina moja latokana na mtu, la pili na nchi, la tatu na tendo, na la nne na hali inayompata mtazamaji. Kihusishi kile kile cha *-a* kimebebeshwa kazi zote nne. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama lugha nyingine zingekuwa na utaratibu ulio bora. Lakini Waingereza nao huziita picha za kauboi kwa jina la upande wa magharibi, yaani mahali. Picha za nyimbo huziita kwa chombo chake, na picha za kutisha kwa athari yake. Mchanganyiko ni ule ule.

Zaidi ya hayo, mahali pengine jina la Kiswahili lashika vizuri zaidi. *Django* ya mwaka 1966 na *The Good, the Bad and the Ugly* ya mwaka huo huo zilitengenezwa na Waitalia, na sehemu ya picha hizo ilipigwa nchini Hispania. Mwenye kutumia jina la Magharibi ya Marekani hana budi kueleza kwa nini nchi ya Hispania imeingia humo. Mpenzi wa picha wa Nachingwea hana la kueleza. Kauboi ni kauboi, awe Texas, awe Almería: ana farasi, ana bastola, ana kisasi, wala hana mji. Jina lililotokana na mtu lilidumu pale ambapo jina lililotokana na mahali lilitikisika.

Neno la pili katika mizani hii ni *steringi*, ambalo wengine hulitamka *stelingi*. Asili yake ni lile neno la Kiingereza linalotangulia majina ya wachezaji wakuu mwanzoni mwa picha. Watazamaji waliliona likiandikwa kabla ya jina la shujaa, wakalifanya kuwa jina la cheo chake. Hapo lugha imefanya kazi ambayo mtungaji wa istilahi huifanya kwa mashaka makubwa. Kwanza limepatikana neno fupi lisilo na sifa ya wema wala ya ushujaa, kwa maana steringi huweza kuwa mwizi. Pili, lafanana na jina linalotumiwa na madereva kwa usukani wa gari, na mwenye kulisikia huweza kuona kwamba steringi ndiye anayeipeleka hadithi. Anayempinga huitwa *adui*, nalo ni neno la zamani lisilohitaji maelezo.

Kutokana na neno hilo imezaliwa sheria inayojulikana na kila mtoto: steringi hafi. Mtu asiyefikiri sana huichukua kuwa ni dalili ya utazamaji wa kitoto. Lakini sheria hii hutumika kwa namna mbili. Katika picha ya ngumi huleta raha, kwa kuwa mtazamaji ajua mwisho na hutaka kuona njia ya kuufikia. Katika picha ya Kihindi hugeuka kuwa kipimo cha hasara. Mfano ulio wazi ni *Sholay*, iliyotolewa mwaka 1975 chini ya uongozi wa Ramesh Sippy, na kupendwa sana Afrika ya Mashariki. Humo kuna masteringi wawili, Jai na Veeru, walioajiriwa na mzee aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh. Ina farasi, ina bunduki, ina treni iliyovamiwa na majambazi, ina kisasi. Kwa kila alama ya nje ni picha ya kauboi. Hata hivyo mpenzi wa picha huiweka upande wa picha za Kihindi bila kusita. Akiulizwa sababu hutaja nyimbo na machozi, na machozi ni ya Jai, ambaye hufa karibu na mwisho.

Basi sheria ya kwamba steringi hafi haikuvunjwa kwa makosa. Imevunjwa ili mtazamaji ajue uzito wa kilichopotea. Wala jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni shujaa asiyeshindwa na silaha yoyote ila moja, na aliyeuawa na mwanawe mwenyewe. Kifo chake huuma kwa sababu kila aliyesikia habari zake alimdhani hafi. Mtazamaji aliyemlilia Jai hakuwa amejifunza kulia kwa Wahindi tu. Lugha yake ilikuwa imekwisha mpa mfano.

Hapa ndipo maoni juu ya muziki yanapoingia, nayo ni magumu zaidi kuyatetea. Kauli inayosikika mara nyingi kwa mpenzi wa picha za zamani ni kwamba muziki wa roki ni kelele. Hukumu ya namna hii ilipata pia kutolewa na wenye mamlaka, ijapokuwa kwa sababu nyingine: mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni na mienendo ya vijana. Hoja ya mamlaka ilikuwa ya asili, yaani muziki umetoka wapi. Hoja ya mpenzi wa picha yadai kuwa ya sauti, yaani muziki wasikikaje. Lakini ikichunguzwa, yaonekana kwamba si ya sauti hata kidogo.

Ushahidi umo katika picha anazozipenda mwenyewe. *Hare Rama Hare Krishna* ya mwaka 1971 ina muziki wa R. D. Burman, na wimbo wake ulio maarufu kuliko yote umejengwa juu ya gitaa la umeme na mdundo wa vijana wa Kizungu wa siku zile. *Disco Dancer* ya mwaka 1982, ambayo nyimbo zake zilitungwa na Bappi Lahiri, ni gitaa na ngoma za umeme tangu mwanzo hata mwisho. Aliyeita roki kelele huzikumbuka nyimbo hizo. Kama gitaa la umeme lingekuwa kelele kwa asili yake, lingekuwa kelele mikononi mwa Mhindi pia.

Tofauti imo katika undugu. Katika *Hare Rama Hare Krishna* wimbo ule huimbwa na dada aliyepotea miongoni mwa wahuni, naye kaka yake amekuja kumtafuta. Kila mpigo wa gitaa wasema jinsi dada alivyokwenda mbali na nyumbani. Katika *Disco Dancer* mambo ni makali zaidi. Maadui wa Jimmy hulitia umeme gitaa lake ili wamuue, na mama yake ndiye anayelishika akafa. Tangu hapo kijana huliogopa gitaa, na hadithi haiwezi kwisha mpaka alishike tena. Chombo cha roki kimepata mahali katika ukoo: kimemwua mama, na mwana hana budi kupatana nacho. Basi anachokikataa mpenzi wa picha si sauti ya roki, bali ni sauti isiyo na mwenyewe, wimbo usioeleza nani amempoteza nani.

Kipimo hiki kina haki kikitumiwa kwa picha. Kwa kipimo hicho *Jailhouse Rock* ya mwaka 1957 hupita, kwa sababu Elvis Presley humo ni mfungwa, na muziki ndio njia yake ya kutoka katika unyonge. Lakini nyingi katika picha alizozicheza miaka ya 1960 hazipiti, maana hadithi husimama ili aimbe, kisha huendelea kana kwamba hakuimba. Wahakiki wa kwao wamesema hayo hayo kwa maneno marefu. Kasoro hutokea pale ambapo kipimo cha picha hutumiwa kwa muziki wenyewe. Muziki wa sahani au wa redio hauna wajibu wa kusimulia. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, aliimba na kundi la Queen muziki wa picha ya *Flash Gordon* ya mwaka 1980. Lakini nyimbo zake zilizo kubwa hazikuandikiwa picha yoyote, wala hazipungukiwi kwa sababu hiyo. Kuzihukumu kwa kuuliza steringi wake ni nani ni kupima maji kwa pishi.

Kasoro ya pili ni nzito kuliko hiyo, nayo yaihusu Nachingwea yenyewe. Tangu mwaka 1965 kambi ya FRELIMO ilikuwa hapo, na kwa muda wa miaka kumi wapiganaji wa Msumbiji walifundishwa katika nchi iliyokuwa imelimwa kwa ajili ya karanga. Wapiga picha wa nchi za nje waliwafuata. Dragutin Popović wa Yugoslavia alitengeneza picha juu ya vita vile, na mwaka 1975 akatoa *Do Rovuma ao Maputo*, juu ya safari ya Samora Machel kurudi kwao na kuupokea uhuru. Kwa mtu wa Nachingwea, basi, vita havikuwa vya kwenye kitambaa tu. Vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na waliokwenda kupigana walipita barabarani. Hata hivyo, akisema *picha ya vita*, mizani yake humwelekeza kwa askari mmoja wa Kimarekani anayeangusha kikosi kizima peke yake. Picha za ukombozi hazina steringi. Shujaa wake ni wengi: wanaobeba mizigo, wanaolima, wanaofundishwa kusoma chini ya mti. Mizani iliyojengwa juu ya mtu mmoja haina jiwe la kuzipimia, kwa hiyo huziita habari, si picha.

Yaweza kusemwa kwamba kosa ni la picha zenyewe, kwa kuwa zilitengenezwa kufundisha. Lakini kufundisha peke yake si sababu. *Muhogo Mchungu*, iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikusudiwa pia kufundisha, nayo ilikuwa na steringi aliyekumbukwa: Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa nchi. Penye mtu mmoja wa kumfuata, mtazamaji alikubali kufundishwa. Alichokosa katika picha za ukombozi ni namna ya kuwafuata wengi.

Namna hiyo haihitaji kuagizwa kutoka nje, wala kuundiwa istilahi mpya. Mathias Mnyampala alipoisitawisha ngonjera, aliwapa watu sanaa ambayo uzito wake hauko kwa mmoja bali katika kujibizana kwa vinywa vingi. Na kabla ya ngonjera ilikuwako ngoma. Katika ngoma hakuna aulizaye steringi ni nani. Huulizwa kama wapigaji na waimbaji wamepatana, kama anayeingia ameingia kwa wakati, kama kiitikio kimebeba sauti ya kiongozi au kimemwacha peke yake. Mmwera na Mmakonde wa nchi hii wanayo maneno ya kuihukumu ngoma kwa ukali usiopungua ule wanaomhukumu kauboi. Maneno hayo yakihamishiwa kwenye kitambaa, picha ya watu wengi yapimika. Na roki pia, ambayo ni sauti ya kundi kabla ya kuwa hadithi ya mtu, yapata hukumu iliyo ya haki.

Kazi ya mchunguzi, basi, si kumsahihisha mpenzi wa picha kwa tanzu zilizotoka vitabuni. Ni kuyaandika maneno yake kabla rika lililoyatunga halijaondoka, na kuonyesha kwamba mizani mbili alizo nazo, ya steringi na ya ngoma, zilikaa katika nyumba moja bila kukutanishwa.